Muulize Bi Mhariri: Fundi wa maabara, mkuu wa idara na dawa ya bure

Toleo lililopita nilisema kwamba nikipewa makala yoyote ya utafiti, naanza kusoma shukrani. Barua zimemiminika, na baadhi yenu mmedhani nilikuwa natania. Sikuwa natania. Miaka niliyokaa kwenye dawati la jarida la kitaaluma nikipokea miswada, ile mistari michache iliyobanwa kabla ya marejeo ndiyo iliyonionyesha nani alifanya kazi, nani alitoa fedha na nani amefichwa. Barua zinazofanana nimeziunganisha. Majina nimeyaondoa, kama kawaida ya ukurasa huu.

Shikamoo Bi Mhariri. Nasoma uzamili hapa Morogoro. Makala yangu inahusu udongo wa mashamba ya mahindi Kilosa. Vijana watatu walizunguka na dodoso vijijini, fundi wa maabara alipima sampuli zangu zote, na rafiki yangu mtakwimu ndiye aliyechagua njia ya uchambuzi na kunieleza matokeo yana maana gani. Msimamizi anasema fundi hatajwi kwa kuwa analipwa mshahara. Hapohapo mkuu wa idara, ambaye makala hajaiona, anatarajia kuwa mwandishi wa tatu "kwa utaratibu wetu". Nani aingie wapi?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Tuanze na mkuu wa idara, maana naona ndiye anayekukosesha usingizi.

Wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978, na kundi lao, ambalo leo linajulikana kwa kifupi kama ICMJE, limeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi. Awe amechangia kwa kiasi kikubwa kwenye wazo au mpango wa utafiti, au kwenye kukusanya, kuchambua au kufasiri data. Awe ameandika rasimu au ameipitia kwa kina. Awe ameidhinisha toleo la mwisho. Na akubali kuwajibika kwa kazi yote, hata likizuka swali baadaye. Yanatakiwa yote manne, si moja wapo. Majarida mengi yasiyo ya tiba nayo huyafuata, au hufuata kitu kinachokaribiana nayo. Kutafuta fedha peke yake hakumfanyi mtu mwandishi, na kuongoza idara vilevile.

Sikutumi ukagombane naye. Najua fomu zako zinapita mezani kwake. Ila majarida mengi siku hizi yanataka kila mwandishi aeleze mchango wake, na yanatumia orodha iitwayo CRediT yenye majukumu 14: nani alibuni wazo, nani alichambua, nani aliandika rasimu ya kwanza, na kuendelea. Mpelekee rasimu pamoja na orodha hiyo, kwa heshima zote, umwombe aonyeshe jukumu lake. Akiisoma rasimu na kuitolea hoja za maana, umepata msomaji makini na mazungumzo yanabadilika. Asiposoma, mara nyingi mwenyewe atasema umweke kwenye shukrani tu. Na huko kwenye shukrani usimpambe. Kama alitoa gari la idara, andika alitoa gari la idara.

Mtakwimu wako hastahili kuishia kwenye shukrani. Aliyechagua njia ya uchambuzi na kufasiri matokeo amekwisha kutimiza sharti la kwanza, kwa hiyo mpe nafasi ya kutimiza mengine. Mtumie rasimu. Usimnyime rasimu halafu useme hawezi kuwa mwandishi kwa sababu hakuandika. Mchezo huo nimeuona mara nyingi, na wanaouchezea ni watu wazima.

Sasa fundi. Hoja ya mshahara haina mashiko. Msimamizi wako naye analipwa mshahara. Nikupe kisa cha hapa hapa nchini. Mwaka 1963, Erasto Mpemba akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado wa moto, akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Walimu na wenzake walimcheka. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Osborne aliporudi Dar alimpa fundi kijana wa chuo kazi ya kujaribu. Fundi akarudi na jibu kwamba maji ya moto kweli yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi!

Makala ilitoka mwaka 1969 kwenye jarida la Physics Education, na waandishi ni wawili, jina la Mpemba likiwa la kwanza. Osborne angeweza kabisa kuandika peke yake na kumshukuru "mwanafunzi mmoja wa sekondari". Hakufanya hivyo, alimwachia Mpemba asimulie sehemu yake kwa kauli yake mwenyewe, na leo dunia nzima jambo lile inaliita kwa jina la Mpemba. Kwa hilo namvulia Osborne kofia. Lakini rudi kwenye ile sentensi ya fundi. Ni sentensi ambayo wanafizikia hadi leo wanairudia wakicheka, na haina jina lake. Aliyepima ni yeye.

Kwa hiyo mtaje fundi, pamoja na alichopima. Na wale vijana watatu wataje kila mmoja kwa jina lake. Umeniambatishia shukrani zako na naona umeandika: "Natoa shukrani zangu za dhati kwa wote walionisaidia kwa namna moja au nyingine, ambao siwezi kuwataja wote kwa majina." Wewe una watu watano, unashindwaje kuwataja? Hiyo "namna moja au nyingine" ndiyo kaburi la wasaidizi wa utafiti Afrika Mashariki. Badilisha iwe hivi: "Fulani alipima nitrojeni na fosforasi kwenye sampuli zote. Fulani, fulani na fulani walifanya mahojiano na wakulima Kilosa." Imekuwa fupi kuliko yako, na kila aliyemo anaweza kuionyesha anapoomba kazi.

Hujambo Bi. Nilikuwa msaidizi wa utafiti kwenye mradi mmoja huku pwani ya Kenya. Nilitafsiri dodoso kwa Kigiriama, nikafanya mahojiano, na nilipogundua wazee wanalielewa swali moja kinyume, niliandika upya na wakubwa wakakubali. Makala imetoka. Imeandikwa "tunawashukuru wasaidizi wetu". Hata jina hamna. Nidai niwe mwandishi?
*Aliyesahaulika, Malindi*

Sijambo, pole sana. Jina lako lidai, tena wiki hii. Mwandikie mwandishi wa mawasiliano, yule ambaye barua pepe yake imechapishwa kwenye makala, umweleze kwa utulivu ulichofanya. Majarida huchapisha masahihisho, na kuongeza majina kwenye shukrani si jambo kubwa kama kubadili matokeo. Barua iwe fupi, na uiambatanishe na lile dodoso lenye masahihisho yako.

Uandishi ni suala gumu zaidi. Kutafsiri na kuhoji, kwa masharti niliyoyataja juu, havitoshi peke yake. Kuandika upya swali lililokuwa likiharibu data ni mchango wa akili, na mimi ningekuwa kiongozi wa mradi huo ningekuletea rasimu. Lakini rasimu hukuletewa, makala imechapishwa, na jarida halitaingilia ugomvi wa nani alistahili. Litaurudisha kwenye taasisi yenu. Ukiwa na nguvu za kuufuata, ufuate huko.

Usidhani mambo haya ni ya miradi midogo ya vijijini. Tarehe 25 Aprili 1953 James Watson na Francis Crick walichapisha kwenye jarida la Nature umbo la DNA, makala inayozidi ukurasa mmoja kidogo tu. Aya ya mwisho ni ya shukrani. Jerry Donohue anashukuriwa kwa ushauri na ukosoaji wake wa mara kwa mara, hasa kuhusu umbali kati ya atomi. Kisha waandishi wanasema wamechochewa pia na kujua, kwa ujumla, matokeo na mawazo ambayo hayajachapishwa ya Maurice Wilkins, Rosalind Franklin na wenzao wa King's College, London.

"Kwa ujumla"! Picha ya eksirei iliyopigwa kwenye maabara ya Franklin na mwanafunzi Raymond Gosling, Watson alikuwa ameonyeshwa na Wilkins mapema mwaka huo, mwenyewe Franklin hana habari. Vipimo vyake vilimfikia Crick kupitia ripoti ambayo maabara ya King's iliandaa kwa ajili ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Makala ya Franklin na Gosling ilitoka kwenye toleo hilohilo, lakini msomaji wa siku ile asingeweza kujua kwamba mwenye data na mwenye umbo walihusiana kiasi gani. Franklin alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37. Wenzake watatu walipokea Nobeli mwaka 1962. Shukrani ilikuwepo na jina lake limo, ila mstari wenyewe ulipimwa kwa kijiko kidogo.

Mradi ujao, kabla hujashika dodoso, uliza swali moja kwa maandishi: nikichangia mpango wa utafiti, nitaitwa kwenye kuandika? Jibu lolote litakusaidia.

Shikamoo. Nimejaribu kiuatilifu dhidi ya viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Kampuni inayokiuza ilinipa lita kadhaa bure na kujaza gari mafuta. Hatukuandikiana mkataba, wala hawakuniambia niandike nini. Matokeo ni mazuri kwa dawa yao. Nikiwataja, si watu watasema nimenunuliwa? Nisipowataja, nani atajua?
*Mtafiti kijana, Arusha*

Marahaba. Nani atajua? Pengine daktari wa meno.

Mwaka 1965, Sugar Research Foundation, taasisi ya wafanyabiashara wa sukari Marekani, iliwalipa watafiti wa Harvard dola 6,500 waandike mapitio kuhusu mafuta, sukari na maradhi ya moyo. Mapitio yalitoka kwa sehemu mbili mwaka 1967 kwenye The New England Journal of Medicine, yakapunguza uzito wa ushahidi dhidi ya sukari na kuelekeza kidole kwenye mafuta na kolesteroli. Waandishi walitaja wafadhili wengine wa kazi zao, wakiwemo wa viwandani. Fedha za mapitio yenyewe hawakuzitaja, wala hawakusema kwamba wenye sukari waliiona rasimu. Makaratasi yalikaa kwenye makabati ya vyuo. Mwaka 2016 Cristin Kearns, daktari wa meno aliyekuwa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, pamoja na wenzake wawili, walichapisha barua zile. Karibu miaka 50 ilikuwa imepita, waandishi wote wamekufa, na jina lao leo linatajwa kwa ajili ya kitu ambacho mstari mmoja ungekiondoa.

Kwa haki, wakati ule jarida halikuwalazimisha. Lilianza kudai taarifa za mgongano wa maslahi mwaka 1984. Kwa hiyo siwaiti wezi. Ila fikiria daktari aliyesoma mapitio yale mwaka 1967 akimtafutia mgonjwa wake ushauri wa chakula. Alikuwa na haki ya kujua nani amelipia, aamue mwenyewe ayaamini kiasi gani. Wewe na sisi leo hatuna kisingizio cha 1967. Jarida lolote la maana litakuuliza.

Na usijifariji kwamba hizo zilikuwa pesa nyingi na zako ni mafuta ya gari. Dawa ya bure ni ufadhili, na mafuta ni ufadhili. Tena kwa kuwa matokeo ni mazuri kwa kampuni, hapo ndipo msomaji anapohitaji kujua zaidi. Andika hivi: "Kampuni fulani ilitoa kiuatilifu kilichojaribiwa na mafuta ya gari la uwandani. Haikushiriki kupanga jaribio, kukusanya au kuchambua data, kuandika makala, wala kuamua ichapishwe." Kama meneja wao aliiona rasimu kabla hujaituma, sentensi ya pili usiiandike kama ilivyo, sema aliiona, na useme kama ulibadilisha chochote. Kama wewe au mwenzi wako mna kazi ya ushauri kwao, nayo iseme.

Jambo la mwisho kwako, na ndilo ninalopigania kwenye ukurasa huu: usiiweke kampuni kwenye shukrani peke yake. "Tunaishukuru kampuni fulani kwa ukarimu wake" ni adabu kwa kampuni. Taarifa ya ufadhili haimhusu mfadhili hata kidogo. Unamwandikia msomaji, mkulima wa Mbulu au bwana shamba wake, atakayeamua kununua dawa ile au kuiacha. Ndiyo maana majarida yametenga sehemu tatu: shukrani, ufadhili, na mgongano wa maslahi. Ukizichanganya, taarifa inajificha nyuma ya ukarimu.

Mwaka 1998 The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Haikusema kwamba Wakefield alikuwa akilipwa kupitia wakili aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Hilo lilifichuliwa na mwanahabari Brian Deer mwaka 2004. Jarida likaifuta makala mwaka 2010. Aliyemlipa Wakefield naye hakuwa kampuni ya dawa. Fedha za mwanasheria, za serikali, za shirika la dini, za chama, zote hutajwa.

Hujambo Bi. Mimi ni muuguzi Kilifi. Makala nyingi za watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, huwa na mstari "imechapishwa kwa idhini ya Mkurugenzi". Hiyo ni shukrani? Halafu, tulifanya utafiti wa VVU kwenye kijiji kidogo na mzee wa kijiji anaomba atajwe.
*Muuguzi, Kilifi*

Sijambo. Hapana, hicho ni kibali. Taasisi inasema imeiona makala na imekubali itoke. Huku Tanzania NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, nayo ina utaratibu wake wa kibali cha kuchapisha. Mstari huo hauhesabiki kama shukrani kwa mtu.

Mzee wa kijiji umeniweka pagumu. Kwa kawaida mtu akitaka kushukuriwa, mshukuru, na pata ridhaa yake kwa maandishi. Wahariri wa ICMJE wanashauri ridhaa hiyo kwa sababu msomaji anaweza kudhani anayeshukuriwa anaunga mkono matokeo. Lakini ukimtaja mzee umetaja kijiji, na ukitaja kijiji kidogo kwenye utafiti wa VVU, majirani wataanza kuhesabu nani alihojiwa. Ahadi ya siri uliwapa wahojiwa kwanza. Mwendee mzee mwenyewe umweleze hivyo, uso kwa uso. Umpelekee na matokeo yakiwa kwa Kiswahili, maana mara nyingi hilo ndilo walilokuwa wanalitaka.

Dada Mhariri, salamu kutoka Leipzig. Nilikuja kwa ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi. Ulipoisha, nilimalizia utafiti kwa kuosha vyombo mgahawani, na mama huko Singida aliuza ng'ombe wawili nipate nauli ya kwenda uwandani. Kwenye ufadhili niandike nini? Ng'ombe?
*Mwanafunzi wa uzamivu*

Salamu zimefika, na mama apewe za kwake. Andika DAAD, miaka waliyokulipia, na namba iliyoko kwenye barua ya ufadhili. Namba usiiache, mfadhili hutafuta machapisho yake kwa namba hiyo, na wengine huiweka kama sharti kwenye mkataba. Kisha ongeza kwamba sehemu iliyobaki umeigharamia mwenyewe. Asiyepata fedha popote naye anaandika wazi kwamba utafiti haukupata ufadhili maalumu. Nafasi ikiachwa tupu, msomaji hajui kama hapakuwa na fedha au hukutaka kusema.

Ng'ombe waweke kwenye tabaruku ya tasnifu yako, ukurasa wa peke yake, tena useme walikuwa wawili. Kwenye makala ya jarida, wahariri wengi wangeufuta mstari huo. Mimi ningeupitisha.

Bi, nilitumia ChatGPT kunyoosha Kiingereza cha makala. Nimshukuru?
*Dodoma*

Humshukuru, unaitaja. Tangu 2023 Nature na majarida mengine makubwa yalisema programu za akili unde haziwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haziwezi kuwajibika, na matumizi yake yaelezwe kwenye makala. Soma maelekezo ya jarida lako: mengine yanataka iwe kwenye mbinu za utafiti, mengine kwenye shukrani, na mengine hayadai kitu kwa kusahihisha sarufi tu. Taja programu, na kazi uliyoipa. Kama ilikuandikia aya nzima au kukutafutia marejeo, hiyo siyo kunyoosha Kiingereza. Rudi uhakiki marejeo moja moja, maana ina tabia ya kubuni yasiyokuwepo.

Yupo mwandishi mmoja tu asiye binadamu ninayemsamehe. Mwaka 1975 Jack Hetherington wa Michigan State aliandika makala yote kwa "sisi" ilhali alikuwa peke yake. Mwenzake akamwambia jarida litaikataa. Zama za taipureta hizo, kurudia kurasa zote ni adhabu, basi akamwongeza paka wake, Chester, kama mwandishi mwenza kwa jina la F. D. C. Willard. Ikachapishwa kwenye Physical Review Letters. Wewe una kompyuta, huna sababu hiyo.

Barua kuhusu majarida yanayodai fedha ndipo yachapishe ni nyingi mno. Nimeziweka kwa toleo lijalo. Mkiweza, niambatishieni barua pepe walizowatumia, mkiwa mmefuta majina yenu.